Jinsi ya kusoma karatasi za mahakama ya rufaa ya jimbo nchini Marekani: mwongozo wa maneno, hatua kwa hatua

Mzazi aliyehamia Marekani kutoka Kigoma, Mombasa au Uvira akipokea uamuzi wa mahakama ya rufaa ya jimbo, mara nyingi humwita mtoto wake anayesoma sekondari amsomee. Mtoto anakijua Kiingereza, lakini Kiingereza cha mahakama kina maneno ambayo hayafundishwi darasani, na mengine yana sura ya neno la kila siku huku maana yake ikiwa nyingine kabisa. Mtoto hukisia, mzazi hupokea, na siku za kuchukua hatua zinaendelea kuhesabika. Mwongozo huu umeandikwa ili mtu mzima aweze kuishika karatasi hiyo mwenyewe, ajue inasema nini, na ajue ni wakati gani hana budi kumtafuta wakili.

Nitafuata njia ambayo kesi yenyewe huipita, tangu hukumu ya mahakama ya chini hadi karatasi ya mwisho, kwa sababu maneno haya hukaa kichwani vizuri zaidi yakifungamana na tukio lake kuliko yakipangwa kwa alfabeti. Maneno ya Kiingereza nimeyaacha kama yalivyo pale tu ambapo msomaji atayakuta yamechapwa hivyo kwenye hati. Kwingine nimetumia Kiswahili cha mahakama zetu. Kila jimbo lina kanuni zake na kanuni hubadilishwa, kwa hiyo siku zinazotajwa hapa zithibitishwe kwa karani wa mahakama husika kabla ya kutegemewa.

Hatua ya kwanza: ijue mahakama yenyewe

Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Upo wa shirikisho, unaosimamia sheria za taifa zima, na upo wa majimbo, ambapo kila jimbo kati ya yale 50 lina mahakama, majaji na kanuni zake. Talaka, malezi ya watoto, kutolewa katika nyumba ya kupanga, madai ya ajali za barabarani na makosa mengi ya jinai huamuliwa na mahakama za majimbo. Mambo ya uhamiaji hayamo. Aliyenyimwa hifadhi na jaji wa uhamiaji hukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya shirikisho, huko Falls Church, Virginia, na karani wa mahakama ya jimbo hana mamlaka ya kuipokea rufaa hiyo. Hata hivyo mifumo hii hukutana mahali pa hatari: hatia ya jinai iliyotolewa na mahakama ya jimbo inaweza kuwa sababu ya mtu asiye raia kufukuzwa nchini. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake asiye raia juu ya hatari hiyo kabla mteja hajakiri kosa.

Katika majimbo mengi ngazi ni tatu: mahakama ya awali iliyosikiliza mashahidi, mahakama ya rufaa ya kati, na mahakama ya juu ya jimbo. Majina ya ngazi hizo, hata hivyo, hupotosha. New York huiita mahakama yake ya awali Supreme Court, jina ambalo kwingine hupewa mahakama ya mwisho, na mahakama yake ya mwisho, iliyoko Albany, huitwa Court of Appeals. Texas ina mahakama mbili za juu, moja ya mashauri ya madai na nyingine ya jinai. Maryland ilibadili majina ya mahakama zake zote mbili za rufaa mwezi Desemba 2022, kwa hiyo hati za kabla na za baada ya hapo huonekana kama zimetoka mahali tofauti. Maine haina mahakama ya rufaa ya kati hata moja, na rufaa huenda moja kwa moja hadi mahakama ya juu ya jimbo. Kentucky inayo mahakama ya kati, lakini aliyehukumiwa kifo, kifungo cha maisha, au kifungo cha miaka 20 na zaidi huiruka na kupeleka rufaa yake moja kwa moja mahakama ya juu. Kwa hiyo usiliamini jina peke yake. Tazama kichwa cha karatasi, soma jina la jimbo, kisha muulize karani mahakama hiyo iko ngazi ya ngapi.

Hatua ya pili: jitambue kwenye karatasi

Aliyekata rufaa huitwa appellant, naye kwa Kiswahili ni mrufani. Upande unaojibu, yaani mjibu rufaa, huitwa appellee katika majimbo kama Texas, Ohio na Kentucky, na huitwa respondent katika California. Neno petitioner humhusu mwombaji, na huonekana zaidi pale mtu anapoomba kibali cha kusikilizwa na mahakama ya juu, au alipofungua shauri la familia kwa maombi.

Mkanganyiko mkubwa hutokea kwa sababu cheo cha mahakama ya chini na cha rufaani huandikwa pamoja. Katika California, mtu aliyeshtakiwa, akatiwa hatiani na kukata rufaa, ataona jina lake limefuatwa na maneno Defendant and Appellant, yaani mshtakiwa ambaye sasa ni mrufani, na upande wa mashtaka, ambao huko huitwa The People, utaandikwa Plaintiff and Respondent. Katika kesi ya talaka mambo huwa magumu zaidi: mke aliyejibu maombi ya talaka aliitwa respondent kule chini, na akikata rufaa anakuwa appellant huku juu, ilhali mume aliyekuwa petitioner anageuka kuwa respondent. Anayesoma haraka anaweza kudhani kwamba mahakama imempa haki mwenzake, kumbe aliyepewa ni yeye. Kabla ya kusoma aya yoyote ya uamuzi, chukua kalamu uandike pembeni mwa kila cheo jina la mtu unayemfahamu.

Hatua ya tatu: pima uamuzi, kisha hesabu siku

Si kila amri ya jaji hukatiwa rufaa papo hapo. Kinachokatiwa rufaa kwa kawaida ni final judgment, hukumu ya mwisho, ile inayomaliza mgogoro wote kati ya wahusika mbele ya mahakama hiyo. Amri iliyotolewa katikati ya shauri, kwa mfano ya kukataa kupokea ushahidi fulani, huitwa interlocutory order, amri ya muda kabla ya hukumu, na mara nyingi husubiri hadi shauri liishe. Zipo chache zinazoruhusiwa mapema kwa sheria maalumu au kwa kibali.

Hati inayofungua mlango ni notice of appeal, taarifa ya rufaa. Ni karatasi fupi, mara nyingi ya ukurasa mmoja au miwili, inayotaja nani anakata rufaa na dhidi ya hukumu ipi ya tarehe ipi. Watu wengi huchelewa kwa sababu wanadhani lazima waandike hoja zao zote humo. Hoja zina wakati wake baadaye. Taarifa ya rufaa kazi yake ni kuwahi. Katika majimbo mengi huwasilishwa kwa karani wa mahakama ileile iliyotoa hukumu, ikiwa na ada, au badala ya ada maombi ya kusamehewa ada kwa mtu asiye na uwezo, ambayo kwenye baadhi ya hati hubeba jina la Kilatini, in forma pauperis.

Muda hutofautiana sana. Maine hutoa siku 21. Ohio, Kentucky na Texas kwa kawaida hutoa siku 30 katika mashauri ya madai. California hutoa siku 60 tangu mtu alipopelekewa taarifa kwamba hukumu imeingizwa kwenye daftari, na kama hakuna aliyepeleka taarifa hiyo, kikomo ni siku 180 tangu hukumu ilipoingizwa. Minnesota hutoa siku 60 kwa hukumu ya kawaida ya madai, lakini aliyeamriwa kutoka katika nyumba ya kupanga ana siku 15 tu. Tofauti hii ya mwisho naisisitiza kwa sababu mashauri ya nyumba ndiyo yanayowakuta wageni wengi, na aliyeambiwa na jirani kwamba “rufaa ni siku 60” anaweza kupoteza nyumba kwa kuamini kanuni sahihi ya shauri jingine.

Maneno mawili yanaamua hesabu hiyo. La kwanza ni entered: hukumu “huingia” siku karani anapoiandika kwenye daftari la mahakama, na siku hiyo inaweza isiwe ile ambayo jaji aliisoma mbele yako wala ile aliyoitia saini. Katika baadhi ya majimbo, Texas ikiwamo, siku ya saini ndiyo huanzisha hesabu. La pili ni filed: hati kwa kawaida huhesabiwa kuwa imewasilishwa siku karani alipoipokea, wala si siku ulipoitia posta, isipokuwa mfungwa katika baadhi ya majimbo, ambaye akishamkabidhi ofisa wa gereza bahasha yake huhesabiwa kuwa amewahi. Siku za rufaa kwa kawaida huwa ni za mamlaka, maana yake zikipita mahakama yenyewe inapoteza uwezo wa kusikiliza, hata kama jaji anakuonea huruma na hata kama hoja zako ni nzito.

Kukata rufaa peke yake kwa kawaida hakusimamishi hukumu. Mdai aliyeshinda fedha anaweza kuendelea kukamata mshahara au mali wakati rufaa inasubiri, mpaka mahakama itoe stay, amri ya kusimamisha utekelezaji. Katika mashauri ya fedha mahakama huweza kudai dhamana, ambayo kwenye karatasi huitwa supersedeas bond au appeal bond, ili aliyeshinda asije akakuta mali imekwisha siku rufaa itakaposhindikana.

Kuhusu wakili, msimamo wa sheria uko wazi kwa upande wa jinai. Tangu uamuzi wa Douglas dhidi ya California wa mwaka 1963, mtu maskini aliyetiwa hatiani ana haki ya kupewa wakili katika rufaa yake ya kwanza, ile anayoruhusiwa kwa haki bila kuomba kibali, na miaka saba kabla ya hapo, katika Griffin dhidi ya Illinois, mahakama iliyotoa uamuzi huo, Mahakama ya Juu ya Marekani, ilisema kwamba umaskini usimzuie mtu kupata kumbukumbu za kesi anazohitaji kwa ajili ya rufaa. Katika madai ya kawaida hakuna haki hiyo. Anayejisimamia mwenyewe huitwa pro se, au katika California self-represented, na mahakama humdai afuate kanuni zilezile zinazomfunga wakili.

Hatua ya nne: zikague kumbukumbu za kesi

Mahakama ya rufaa haiiti mashahidi, haipokei picha mpya wala barua mpya ya mwajiri, na haimuulizi mtu upya kilichotokea usiku ule. Inasoma record, kumbukumbu za kesi, na kilichomo humo ndicho kilichotokea machoni pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi nayo ni hivyo.

Kumbukumbu zina sehemu mbili. Ya kwanza ni hati zilizowasilishwa kwa karani: madai, majibu, maombi, vielelezo, amri na hukumu, California huziita clerk's transcript. Ya pili ni maneno yaliyosemwa mbele ya jaji, yaliyoandikwa neno kwa neno na mwandishi wa mahakama au kunakiliwa kutoka kwenye kinasa sauti. Hiyo ni reporter's transcript, au transcript tu. Mrufani ndiye anayebeba wajibu wa kuhakikisha sehemu hizi zimeandaliwa na kufika juu. Katika mashauri ya madai hulipia mwenyewe, na gharama ya nakala ya kesi iliyochukua siku kadhaa inaweza kuwa kubwa kuliko ada zote nyingine. Mrufani asiyeleta nakala ya maneno yaliyosemwa humfunga jaji mikono: mahakama hudhani kwamba jaji wa chini aliamua sawasawa, na asiye na karatasi ya kuonyesha vinginevyo hushindwa kwa dhana hiyo.

Hapa lipo jambo linalowahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko watu wengine, nami naliona ndilo la muhimu kupita yote katika mwongozo huu. Shahidi anapotoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani, mwandishi wa mahakama huandika Kiingereza cha mkalimani. Kiswahili chenyewe hakiingii kwenye kumbukumbu. Shahidi akisema “alinisukuma” na mkalimani akasema alipigwa, jaji wa rufaa atasoma kwamba alipigwa, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba neno lilikuwa jingine. Vivyo hivyo kwa “ndugu,” ambaye kwetu anaweza kuwa mtoto wa ami au mtu wa kijiji kimoja, lakini kwenye karatasi hugeuka kuwa ndugu wa tumbo moja. Na kwa saa, kwa kuwa “saa mbili usiku” ya Kiswahili ni saa nane jioni kwa hesabu ya Kiingereza, na ushahidi wa mahali mtu alipokuwa unaweza kuanguka kwa tofauti hiyo peke yake. Kosa la namna hiyo lazima lisemwe palepale, mbele ya jaji, kabla shahidi hajashuka kizimbani, ili pingamizi na masahihisho yaandikwe. Mkalimani wa lahaja isiyoeleweka, kama Mbajuni kutoka Somalia anayewekewa mtu wa Lubumbashi, naye akataliwe palepale. Mtu anayengoja mpaka rufaani kulalamikia ukalimani huulizwa swali moja: ni ukurasa gani wa kumbukumbu unaoonyesha kwamba ulilalamika?

Swali hilo lina jina lake. Kulalamika kwa wakati huitwa kulihifadhi kosa. Kwenye karatasi utaona kwamba hoja ilikuwa preserved, yaani pingamizi lilitolewa kule chini na jaji akapewa nafasi ya kujirekebisha. Hoja isiyohifadhiwa huitwa waived au forfeited, na maana yake kwa mrufani ni kwamba ameipoteza. Upo mlango mwembamba, plain error, kosa la wazi lililo zito kiasi kwamba mahakama hulitazama hata kama hakuna aliyepinga, lakini mlango huo hufunguliwa mara chache na zaidi katika jinai.

Zipo rufaa chache ambazo kwa kweli ni kesi inayosikilizwa upya, nazo hutoka kwenye mahakama ndogo kabisa. Katika Texas, aliyeamriwa kuhama nyumba na mahakama ya mwamuzi wa amani ana siku 5 za kukata rufaa kwenda mahakama ya kaunti, ambako mashahidi husikilizwa tena mwanzo hadi mwisho. Katika California, mdaiwa aliyeshindwa kwenye mahakama ya madai madogo ana siku 30 za kuomba usikilizwaji mpya, lakini mdai aliyeyafungua madai hayo na kushindwa hana haki hiyo. Utaratibu huu huitwa trial de novo.

Hatua ya tano: tafuta kipimo ambacho majaji wanatumia

Ukisoma uamuzi wowote wa rufaa, tafuta maneno standard of review. Ni kipimo cha jinsi majaji wa juu watakavyoutilia shaka uamuzi wa jaji wa chini, na mwanasheria mzoefu huanza kusoma hapo kwa kuwa mara nyingi kipimo ndicho kinachoamua mshindi. Majaji watatu wanaweza kukubaliana kwamba wao wangeamua tofauti, na bado wakauacha uamuzi usimame, kwa sababu kipimo hakiwaruhusu kuugusa.

Kipimo kinachompendelea mrufani zaidi ni de novo, maneno ya Kilatini yenye maana ya “upya.” Hutumika kwa maswali ya sheria tupu: je, sheria hii inamhusu mpangaji wa chumba kimoja? Je, maelekezo waliyopewa juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua ukweli wa kesi, yalikuwa sahihi? Majaji wa rufaa hulijibu swali kana kwamba wao ndio wa kwanza kuulizwa. Msomaji asiichanganye na ile trial de novo ya hapo juu, maana hapa hakuna shahidi anayeitwa. Kinachotazamwa upya ni sheria peke yake.

Kipimo cha pili ni abuse of discretion, matumizi mabaya ya hiari ya jaji. Sheria humpa jaji wa awali uhuru wa kuchagua kati ya njia kadhaa zilizo halali, kama vile ratiba ya mtoto kukaa kwa baba na kwa mama, au kuahirisha shauri ili mhusika apate wakili. Rufaani mtu hashindi kwa kuonyesha kwamba njia nyingine ingekuwa bora. Lazima aonyeshe kwamba jaji alitoka nje ya mipaka ya hiari hiyo, kwamba alitumia kanuni isiyo sahihi, au kwamba uamuzi wake hauna mashiko kwa jaji yeyote mwenye busara. Mama ambaye wakwe zake walimwambia kwamba “jaji wa juu ataona uchungu wako” anastahili kuelezwa jambo hili mapema, kabla hajatumia akiba yake.

Kipimo cha tatu kinahusu ukweli wa mambo: nani alivuka taa nyekundu, nani aliahidi kulipa, shahidi gani aliaminika. Majimbo mengine hutumia maneno substantial evidence, ushahidi wa kutosha unaoweza kukubalika, na mengine clearly erroneous, kosa lililo dhahiri. Chini ya vipimo hivi majaji wa rufaa humwachia mengi aliyewaona mashahidi kwa macho yake, akawasikia wakisita na akatazama nyuso zao. Kama mashahidi kumi walisema hivi, na mmoja akasema vile, na jaji au juri wakamwamini yule mmoja, huo mara nyingi huwa ushahidi wa kutosha.

Baada ya kupita vipimo hivi, liko kizuizi kimoja zaidi: harmless error, kosa lisilo na madhara. Mahakama inaweza kukiri kwamba jaji wa chini alikosea, kisha ikaukubali uamuzi wake kwa kuwa kosa halikubadili matokeo. Barua iliyopokelewa kimakosa, huku mashahidi wengine wanne wamesema yaliyomo ndani yake, ni mfano wake. Kosa linalovunja haki ya kikatiba ya mshtakiwa hupimwa kwa ukali zaidi: tangu Chapman dhidi ya California, mwaka 1967, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuonyesha, bila shaka yoyote ya msingi, kwamba kosa hilo halikuchangia hukumu.

Hatua ya sita: hoja za maandishi na siku ya kusikilizwa

Neno brief kwa Kiingereza cha kawaida ni “fupi,” lakini mahakamani ni kitabu cha hoja za maandishi, nacho huweza kuwa na makumi ya kurasa. Mrufani hutangulia na hoja zake, mjibu rufaa hujibu, na mrufani huruhusiwa majibu mafupi ya mwisho, reply brief. Katika California, nakala za karatasi hutambulika kwa rangi ya jalada: hoja za mrufani ni kijani, za mjibu rufaa njano, na majibu ya mwisho ni rangi ya hudhurungi hafifu. Kila dai la ukweli lazima lielekeze ukurasa wa kumbukumbu, na kila dai la sheria lielekeze sheria au uamuzi wa awali.

Huenda ukakuta hati ya mtu usiyemjua, amicus curiae, yaani “rafiki wa mahakama.” Ni taasisi au mtu asiyehusika na mgogoro ambaye ameruhusiwa kutoa maoni kwa sababu uamuzi utagusa wengine wengi. Hati ya namna nyingine, ambayo huwashtua wafungwa, ni barua ya wakili aliyeteuliwa akisema ameipitia kesi yote na hakupata hoja yenye mashiko. Utaratibu huu ulitokana na kesi ya Anders dhidi ya California ya mwaka 1967. Barua hiyo haimalizi rufaa: mteja hupewa nafasi ya kuandika mwenyewe, na mahakama huzipitia kumbukumbu kabla ya kuamua, kwa hiyo isitupwe wala isiwekwe kabatini.

Oral argument ni siku mawakili wanaposimama mbele ya majaji, kwa kawaida watatu. Hudumu dakika chache kwa kila upande, na majaji hukatiza kwa maswali. Rufaa nyingi huamuliwa bila siku hiyo, kwa karatasi tu. Anayejisimamia mwenyewe na kuhitaji mkalimani amwandikie karani mapema badala ya kungoja asubuhi ya kusikilizwa.

Hatua ya saba: soma uamuzi kuanzia mwisho

Uamuzi ukifika, geuza hadi ukurasa wa mwisho, ambapo amri huandikwa kwa maneno machache. Affirmed ina maana hukumu ya chini imethibitishwa, mrufani ameshindwa. Reversed ina maana imetenguliwa. Vacated ina maana imefutwa kana kwamba haikutolewa, na haina uhusiano wowote na kuhama nyumba, maana ambayo neno hilo hubeba kwenye barua za mwenye nyumba. Remanded ina maana shauri limerudishwa kwa jaji wa chini ili afanye jambo fulani: asikilize upya, ahesabu fedha upya, au atoe sababu ambazo hakuzitoa. Dismissed ina maana rufaa imetupwa bila hoja zake kuamuliwa, mara nyingi kwa kuchelewa au kukosa hati.

Maneno haya huunganishwa. Uamuzi unaosema affirmed in part, reversed in part, and remanded umethibitisha sehemu, umetengua sehemu, na umerudisha shauri chini, na lazima usome aya za mwisho kwa makini ujue ni sehemu ipi. Aliyesoma reversed and remanded katika kesi ya jinai asitangaze kwamba ndugu yake yuko huru, kwa kuwa mara nyingi anarudi kushtakiwa upya, pengine akiwa bado rumande.

Uamuzi wenyewe huitwa opinion, neno ambalo hapa halimaanishi maoni ya hiari. Maneno ya majaji walio wengi ni sheria kwa wahusika. Jaji anayekubali matokeo kwa sababu tofauti huandika concurrence, na asiyekubali huandika dissent. Maneno ya jaji aliyekataa yaweza kukufurahisha, lakini hayana nguvu ya amri. Uamuzi ulioandikwa per curiam umetolewa kwa jina la mahakama nzima bila kumtaja mwandishi. Ule uliowekewa alama ya kutochapishwa unawafunga wahusika wake, ila katika California kwa kawaida hauruhusiwi kutumiwa kama mfano katika kesi ya mtu mwingine, na ndiyo sababu wakili anaweza kukataa kuutumia uamuzi uliompelekea kwa furaha kubwa kutoka kwenye intaneti.

Saa mpya huanza kuhesabu siku hiyohiyo. Petition for rehearing ni ombi kwa majaji walewale wasahihishe jambo walilolikosea. California hutoa siku 15. Petition for review, au discretionary review, ni ombi kwa mahakama ya juu ya jimbo ikubali kusikiliza. Hii si haki. Ni kibali, na maombi mengi hukataliwa bila maelezo. Kukataliwa huko hakuna maana kwamba mahakama ya juu imeusifu uamuzi wa chini. Katika California, mlango wa ombi hilo ni mwembamba ajabu: uamuzi wa mahakama ya kati huwa wa mwisho baada ya siku 30, kisha mtu ana siku 10 tu za kuwasilisha. Kama kuna swali la katiba au sheria ya shirikisho, na mahakama ya juu ya jimbo imekwisha kusema neno lake, zipo siku 90 za kuomba kusikilizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani.

Karatasi ya mwisho ni mandate, ambayo California huiita remittitur: amri inayorudisha mamlaka kwa mahakama ya awali ili uamuzi wa rufaa utekelezwe. Ni ukurasa mmoja tu, na kwa wengi haionekani kuwa na jambo jipya, lakini kuanzia tarehe yake jaji wa chini anaweza kupanga siku ya kusikiliza upya, kulipisha fedha au kumwamuru mtu aanze kutumikia kifungo. Ihifadhi pamoja na bahasha yake, na kama umehama, mwandikie karani wa mahakama ya chini anwani mpya siku hiyohiyo, kwa sababu wito unaofuata atautuma kwenye anwani iliyo kwenye jalada.